Jamani, Tuagane Kwanza

Mhariri aliniomba niandike kuhusu maisha baada ya digrii. Nikamwambia bosi, hayo maisha mwenyewe sijayaona, labda niandike kuhusu kuondoka, maana hilo ndilo lililo mbele yangu. Basi nianze kwa kutangaza. Tiketi nimekata, Heathrow mpaka Addis Ababa mpaka Dar, mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, Jumanne ya mwisho ya mwezi ujao. Siendi likizo. Narudi moja kwa moja.

Najua wapo watakaoshtuka kuisoma habari hii gazetini, kwa sababu kwetu sisi habari ya mtu kurudi nyumbani haitangazwi, inagundulika. Na mnajua inavyogundulika. Mtu humwoni Ijumaa kwenye mpira. Jumapili simu yake haiiti. Jumatano mwenye nyumba anagonga mlango anauliza yule rafiki yenu yuko wapi. Wiki mbili baadaye unaona picha yake amekaa na mama yake mahali pana jua kali, anakula embe, na hapo ndipo watu wanaambizana, kumbe jamaa kashatimka!

Mimi yalinikuta nyumbani kwangu mwenyewe. Mshkaji niliyekaa naye nyumba moja karibu mwaka mzima, tumekula sufuria moja, tumegombania rimoti, homa yake nimeiuguza mimi na ya kwangu kaiuguza yeye. Siku moja narudi asubuhi kutoka shifti ya usiku, nakuta chumba chake cheupe. Godoro tupu. Sufuria imeoshwa imefunikwa juu ya jiko, yaani alipata muda wa kuosha sufuria ila hakupata muda wa kuniambia kwaheri. Nilikasirika mwezi mzima, na msifikiri ni kwa sababu ya bili ya gesi aliyoniachia. (Na bili ya gesi pia, nisiwe mnafiki.)

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza watu, kwa nini tunaondoka kama wezi? Majibu ni mengi. Wengine wanasema safari haitangazwi, kuna watu wana mdomo mbaya na jicho baya. Hili silicheki, kwa sababu mama yangu mzazi hamwambii jirani kuwa mtu anasafiri mpaka huyo mtu awe ameshafika. Wengine wana madeni, na hao wanajijua. Lakini ukikaa na mtu vizuri, usiku, chai ikiwa mezani, anakuja kukwambia sababu yenyewe. Anaogopa swali. "Unarudi? Kwa nini, wamekunyima viza?"

Swali hili halikuwepo siku zote, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Kaka na dada zetu waliomaliza vyuo kati ya Aprili 2012 na katikati ya 2021 hawakuwa na uchaguzi mkubwa. Ile viza ya zamani ya kufanya kazi baada ya masomo ilikuwa imefutwa, kwa hiyo mtu alimaliza, akasubiri ile miezi michache inayobaki kwenye viza ya mwanafunzi, akafunga mizigo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Julai 2021 ikafunguliwa viza ya wahitimu, miaka miwili ya kukaa na kufanya kazi, mitatu kwa mwenye udaktari wa falsafa. (Watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 watapewa miezi 18 tu, ila hao wa udaktari watabaki na mitatu yao.) Ni jambo zuri na limewasaidia wengi. Lakini limeleta kitu ambacho hatukukitarajia. Kurudi kumekuwa uamuzi wa mtu, na uamuzi unadaiwa maelezo. Asiye na maelezo ya kuwaridhisha watu anaona bora atoke kwa mlango wa nyuma.

Na mimi maelezo ya kuwaridhisha sina. Sijaahidiwa kazi. Sina mchumba anayenisubiri na kadi za harusi. Nimesoma mambo ya maji na usafi wa miji, nataka kwenda kufanya kazi ya maji na usafi wa miji mahali ambako mvua ikinyesha masaa mawili vyoo vinafurika barabarani, basi. Nikisema hivyo watu wananiangalia kama mgonjwa.

Sasa msinielewe vibaya. Sikuja hapa kuhubiri kwamba kila mmoja arudi. Mwalimu Nyerere alimaliza Edinburgh mwaka 1952, akarudi akaenda kufundisha Pugu. Mzee Kenyatta aliingia nchi hii mwaka 1931 akaja kuondoka 1946, miaka 15 hiyo, na katikati yake vita vya dunia vikapigwa vikaisha. Mmoja alirudi mapema, mwingine alichelewa mno, na wote wawili tunawasoma mashuleni. Wapo dada zetu hapa wanaohudumia wazee usiku na mchana na ndio wanaosomesha ukoo mzima kule nyumbani, nani atawanyooshea kidole? Anayebaki abaki. Ninachopinga ni kujificha. Maana mtu aliyezoea kujificha wakati wa kuondoka huwa alianza kujificha zamani, alianza siku aliyotua.

Nami nawapa mfano wa mtu ninayemfahamu vizuri, yaani mimi.

Mwaka huu wote nimebeba boksi. Wengi wenu mnajua ghala lile, karibu na uwanja wa ndege wa East Midlands, na mnalijua basi linalotupeleka usiku na baridi ya pale kituoni. Saa 20 kwa wiki, kama sheria inavyotaka, vifurushi vinashuka kwenye mkanda, wewe unapanga, mkanda hauchoki wewe unachoka. Ni kazi halali na siionei aibu. Tatizo ni kwamba nyumbani niliwaambia "nipo kwenye mambo ya usafirishaji." Si uongo, si ndiyo jamani? Vifurushi vinasafirishwa! Halafu nikatuma picha. Mimi na mnara wa saa katikati ya mji, taa za Krismasi nyuma. Mimi nimeegemea gari, na sikusema kuwa gari ni la mtu. Mimi na koti refu, sikusema kuwa koti nilipewa. Kila picha peke yake ilikuwa ya kweli. Ukizipanga zote pamoja unapata mtu ambaye hayupo duniani.

Huyo mtu asiyekuwepo ndiye binamu yangu alimwamini. Binamu yangu ana digrii ya kwanza, ana kazi ya kufundisha ambayo haimlipi sana, ana mke na mtoto mmoja. Amepata nafasi ya chuo huku. Na mjomba ana kiwanja Chanika alichokinunua kidogo kidogo tangu sisi tuko shule ya msingi. Mnaona tunakoelekea. Mwezi uliopita mjomba akanipigia.

"Mjomba, wewe uko huko, unayaona kwa macho. Niambie, niuze nisiuze?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nitakupigia. Mtandao ulikuwa hausumbui. Zikapita wiki tatu sijampigia.

Katika wiki hizo tatu nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuwafanyia mapema, na naiweka hapa kwa sababu nina hakika wengi mna mjomba kama wangu. Ada yangu mimi ilikuwa pauni 17,000, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 50. Ada ya afya inayolipwa pamoja na viza ni pauni 776 kwa mwaka mmoja kwa mwanafunzi. Binamu anasema atafanya kazi alipe mwenyewe iliyobaki. Haya, saa 20 kwa wiki, tuseme pauni 12 kwa saa, inakuwa 240. Zidisha wiki 52, asiumwe, asipumzike hata Sikukuu, inakuwa 12,480. Haijafika hata ada. Na hapo hajalipa chumba, ambacho mimi nilikilipia 450 kwa mwezi, hajala, hajapanda basi. Atasema kiangazi atafanya kazi saa zote. Hapana, kwa sisi wa digrii ya pili ya kufundishwa kiangazi ni muda wa kuandika tasnifu, unahesabika kama masomo, saa ni zile zile 20. Atasema atakuja na mke, wafanye kazi wawili. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa kozi kama zetu haruhusiwi kuja na mke wala mtoto. Mimi niliweza kwa sababu mama alikuwa ameweka akiba, na kaka yangu mkubwa akaongezea. Hilo nalo sikuliweka kwenye picha.

Hesabu nilikuwa nayo, mdomo ndio sikuwa nao. Aliyenifungua mdomo ni mzee wa duka pale Belgrave Road, tunapokwenda kununua muhogo. Wengi mnamfahamu kwa sura. Ni Mhindi, mzaliwa wa Jinja, na Kiswahili chake ni kile cha zamani cha maduka ya Uganda, ukimwamkia shikamoo anaitika marahaba kwa furaha kubwa kwa sababu amefundishwa na sisi Watanzania. Nilimwambia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote kuwa naondoka. Nadhani nilikuwa najaribu sauti.

Akaacha kupima muhogo. Akaniuliza nimeshawaaga wenzangu? Nikasema bado, na labda sitawaaga wote, sisi huwa tunaondoka tu. Hapo akanisimulia.

Alikuwa na miaka 14 mwaka 1972, Idi Amin alipotangaza mwezi wa nane kuwa Wahindi wenye pasi za Uingereza watoke, siku 90. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Wiki za mwisho walikuwa wanaogopa hata kununua sanduku, watu wasijue lini wanaondoka. Alikuwa na rafiki yake, Mganda, wanakaa dawati moja. Baba akamwambia usimwambie mtu. Hakumwambia. Asubuhi moja wakafunga mlango wakaondoka. Halmashauri ya mji huu huu wa Leicester ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi wasije hapa, mji umejaa, na baba yake alilisoma lile tangazo kwa sauti mezani. Wakaja hivyo hivyo. Leo ukipita barabara hiyo wakati wa Diwali utafikiri mji ni wao tangu mwanzo.

"Mimi mpaka leo sijui yule rafiki alifikiria nini," akasema. "Labda alifikiri nimekasirika na yeye." Akarudi kwenye muhogo wake, akapima, akaongeza kipande. "Mimi nilikuwa nafukuzwa. Nyinyi nani nafukuza nyinyi?"

Sikuwa na jibu. Akanifungia na paketi ya chevda akakataa pesa.

Tangu siku hiyo nimeanza kuaga, na niwaambie ukweli, ni kazi ngumu kuliko tasnifu. Msimamizi wetu wa zamu ya usiku, mama mmoja wa Kipolandi ambaye mwaka mzima nilidhani hanipendi, nilipomwambia alitoa simu akataka nimwonyeshe Dar iko wapi kwenye ramani, akaiangalia muda mrefu, akasema ni mbali sana, mama yako atafurahi. Mhudumu wa maktaba, yule Mghana, alinikumbatia mpaka watu wakageuka. Mwalimu wangu alisema "oh, good luck" akaendelea kusoma barua pepe zake. Si kila mtu atalia, na hilo nalo ni zuri kulijua.

Halafu nikaanza kugundua ni vitu gani tunaondoka navyo tukiondoka kimya. Sisemi mapenzi tu, nasema taarifa. Mimi ndiye wa kwanza kati ya watu wetu mwaka huu kujua kwamba kozi ikishaisha ule msamaha wa kodi ya manispaa tunaopata wanafunzi unaisha nao, na ukiendelea kukaa kwenye nyumba bili inaweza kukuangukia. Nilijuaje? Ilikuja barua! Dipoziti ya chumba, kwa nyumba zetu hizi za kupanga kwa watu binafsi, mwenye nyumba anatakiwa kuiweka kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30 tangu aipokee, na ana wajibu wa kukwambia ni mfuko upi. Uliza mapema, ukiwa bado una funguo na akaunti ya benki ya hapa, usisubiri uko Mwenge unabembeleza kwa WhatsApp. Wabongo, kumbukeni TCU ndiyo inayotambua digrii za nje, kwa hiyo beba vyeti na matokeo kamili kutoka chuoni, na mwombe mtu abaki na idhini ya kukufuatilia kitu kikikwama. Mambo haya yote waliotutangulia waliyajua. Waliondoka nayo usiku.

Na vyombo! Kila Septemba wanakuja vijana wapya, kila Septemba wananunua sufuria mpya, mablanketi mapya, pasi mpya, kwa hela ya mwisho waliyotoka nayo nyumbani, wakati wiki mbili kabla kuna mtu ametupa sufuria nzima, blanketi zima na pasi nzima kwenye pipa nyuma ya nyumba, gizani, ili majirani wasijue anaondoka. Lile koti langu refu la kwenye picha nilipewa na Mkenya mmoja aliyeondoka mchana kweupe, alialika watu, akala nao, akagawa vitu. Yeye naye alikuwa amepewa na Mzambia. Ndani kwenye kola kuna majina mawili yameandikwa kwa kalamu ya wino, la tatu ni langu. Kama chama chetu kinatafuta kazi ya kufanya, kitafute chumba kimoja cha kuwekea vitu vya wanaoondoka, kuliko kila mwaka kubishana bajeti ya disko.

Jumapili iliyopita nilimpigia mjomba. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza moja kwa moja kabla sijaogopa. Nikamwambia kazi yangu ni nini. Nikamwambia gari si langu. Nikamsomea hesabu yote, mpaka ile 776. Kukawa kimya mpaka nikafikiri safari hii mtandao umekatika kweli.

"Kwa hiyo ulikuwa unabeba mizigo."

"Ndiyo, Mjomba."

"Usiku."

"Usiku, Mjomba."

"Na hiyo baridi tunayoisikia?"

Nikamwambia ipo. Akasema basi ngoja aongee na mkewe, na kwamba mama yangu asiambiwe habari ya mizigo na mtu mwingine, nimwambie mwenyewe. Kiwanja hakijauzwa mpaka leo ninapoandika. Binamu yangu hajanijibu ujumbe hata mmoja. Anaamini nimemfungia mlango ambao mimi nimeshaupita, na sijui kama nikifika nitaweza kumweleza akaelewa. Nitakwenda nyumbani kwake wiki ya kwanza, kabla ya kumaliza kugawa zawadi. Na zawadi zenyewe, jamani, kilo 46 ni chache, anayengoja simu na viatu asingoje sana.

Basi, nawaaga hivi. Jumamosi ya tarehe 20, kuanzia saa nane mchana, mnakaribishwa nyumbani kwangu, nyote mnapajua. Kutakuwa na pilau na kachumbari, soda mje nazo. Ninaowadai nimeshawasamehe isipokuwa wawili, na wanajijua. Wanaonidai waje na kumbukumbu zao, hela nimeitenga. Vyombo vyote vitakuwa sebuleni, mje na mifuko. Yule mshkaji wangu wa bili ya gesi nimemtumia ujumbe kuwa narudi na ningependa tuonane Dar. Amesoma, bado hajajibu. Sufuria yake sigawi, naibeba.

Koti ni la atakayewahi, na kalamu nitaiweka mfukoni.